Bibi Anachomolewa Jumamosi

Jumatatu, 3 Juni

Leo naanza shajara. Watu wakubwa wote huandika, na sitaki siku za mbele historia ipate taabu ya kuniulizia kwa majirani.

Kwa faida ya wajukuu: nafanya kazi studio ya picha, ile yenye ukuta uliochorwa ndege na ngazi yake. Nusu ya mji huu imepanda ngazi hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeruka. Shule niliiacha kabla haijaniacha. Lakini kompyuta inanijua.

Picha zetu hazikai hapa. Zote, tangu zile za filamu, ziliingizwa kwenye mashine iliyo mbali, kilomita mia tatu, ndani ya ukumbi wa kupanga. Tunaiita Bibi. Miaka minne nazungumza naye kwa waya. Namwamuru, naye ananijibu polepole kama mtu anayetafuta ndara chini ya kitanda. Sura yake siijui!

Sasa balaa. Ukumbi umeuzwa. Jumamosi saa sita mchana Bibi anachomolewa, na Bibi akizimwa haamki sawasawa. Mara ya mwisho aliamka baada ya siku mbili, kasahau harusi za mwaka mzima. Kwa hiyo kila picha inatakiwa ihamie kwa Mjomba, mashine mpya, naye yuko mbali vilevile, upande mwingine.

Baba yangu yumo humo. Hapana, hayumo. Baba ndiye alikuwa mpiga picha wa studio hii mpaka alipofariki, nikiwa na miaka kumi. Aliwapiga picha watu wote wa mji huu na mwenyewe hayuko kwenye picha hata moja. Zilizopo ni alizopiga.

Mama Studio, ambaye ndiye mwenye studio, katangaza kwamba atakayefanikisha uhamisho atakalia kiti cha fundi alichoacha Mzee Kamba. Kiti kile kina mto! Wagombea wawili: mimi na Miwani, binti ninayefanya naye kazi. Miwani ana cheti. Mimi nina kipaji. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Kipaji hakina muhuri, kaka."

Akataka tumuulize kwanza Mzee Kamba. Nikasema mwenye kujua haulizi njia. Wakati bado anavuta kiti, mimi nimeshatuma amri ya kunakili kila kitu, na kwa siri nikaanza na folda za baba. Itachukua siku nne na ushei. Ijumaa jioni nimemaliza. Mto ule una maua.

Jumanne, 4 Juni

Nakala zinakwenda. Mimi sina la kufanya. Najifanya nina.

Mzee Kamba kaja. Ndiye aliyekuwa fundi wa mashine zetu mpaka macho yalipomchoka. Amestaafu, lakini kila asubuhi anapita kunywa chai "kwa bahati tu". Bahati hiyo ina miaka miwili sasa. Jina la Kamba kalipata kwa urefu wa amri zake. Moja tu inaweza kufunga ng'ombe watatu na bado ikabaki ya kuanikia nguo.

Amri kama hizo ukiziandika moja kwa moja kwenye dirisha jeusi la Bibi, lile la skrini linalotuunganisha na mashine ya mbali, umekwisha. Unabonyeza herufi, unapiga funda la chai, ndipo herufi inatokea. Ukikosea katikati, unarudi kinyumenyume kama kaa. Mzee akabuni njia yake. Amri zote kaziandika kwenye faili moja, hapa hapa kwenye kompyuta yetu. Skrini kaigawa: juu faili, chini dirisha jeusi. Unaandika juu kwa raha zako, unasoma, unarekebisha. Ukiridhika unaweka kijiti kile kinachowakawaka kwenye mstari, unabonyeza kitufe kimoja, na mstari mzima unateremka chini kwenda zake hadi kwa Bibi. Mstari mmoja, amri moja. Hiyo ndiyo sheria.

Na juu ya kila amri kaweka neno. Leo nimeyasoma yote, badala ya kufagia kama nilivyoagizwa.

"Hii tuliitumia mwaka wa mvua kubwa, maji kwenye vifundo, Mama Studio kapanda juu ya meza."

"Hii usiitume ukiwa na njaa."

"Hii niliandika huku baba yake kijana akinisimamia kichwani. Kala karanga zake juu ya kibodi yangu. Herufi R haijapona."

Baba yangu huyo! Kweli, R ya kibodi ile haijapona mpaka leo. Nimeibonyeza mara kadhaa bila sababu.

Nimekumbuka chumba cha giza. Taa nyekundu, dawa inayowasha pua, picha zimeanikwa kwa vibanio kama soksi. Alikuwa ananisimamisha juu ya kreti nione karatasi nyeupe inavyolala kwenye beseni na sura inavyojitokeza taratibu. Macho yalikuja kwanza. Pua ilichelewa. Nikimuuliza kwa nini, anasema macho hayana mzigo.

Miwani akauliza mbona nimenyamaza, naumwa? Nikasema ni vumbi. Akasema basi fagia.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya utukufu!

Faili la Mzee Kamba ni aibu. Mistari inatoka nje ya skrini upande wa kulia, inakwenda huko isikojulikana. Kusoma amri moja lazima ukimbizane nayo. Miwani alikuwa kwa daktari wa meno, nikaona nafasi ndiyo hii. Nikachimba kwenye programu ya kuandikia, nikapata mahali pa kukata mistari ili itoshee skrini. Bonyeza! Faili zima likajipanga safu nzuri kama gazeti la Jumapili. Nikahifadhi.

Mama Studio akapita na funguo zake, akasimama, akasema kumbe naweza kuwa nadhifu nikitaka. Nimeyaandika hapa maneno hayo yasije yakasahaulika.

Mzee Kamba akainama mpaka pua ikagusa kioo. Akauliza, mistari yake imekuwa mifupi au ni macho? Nikamwambia ni macho, mzee wangu. Akaguna, akarudi kwenye chai yake. Nilimwonea huruma kidogo. Uzee mbaya.

Miwani karudi na shavu limevimba, hawezi kusema. Siku nzuri haiji peke yake.

Alhamisi, 6 Juni

Sina mikono. Yaani ninayo, lakini ningekuwa sina ingekuwa heri.

Asubuhi niliamka mfalme. Nakala zimefika robo tatu. Nikaingia kwa Mjomba, kwa dirisha jeusi lile lile, kuhesabu picha za baba, zote zipo. Nikataka kumaliza leo leo, kesho nikalie mto. Kwenye faili nikaona amri Mzee aliyoiita Fagio. Neno lake juu: "Tangu Bibi aliposahau zile harusi nimekuwa mwoga. Kila picha nimeiweka mara nne. Fagio linaacha zilizo kwenye folda ya asili, linaondoa tatu za woga." Kumbe Bibi kabeba mzigo mara nne! Nikasema nikimfagia Bibi, nitamaliza kabla ya chai ya jioni. Nikaweka kijiti. Nikabonyeza.

Amri ile kwa lugha ya binadamu inasema: futa kila kitu humu ndani isipokuwa asili. Mstari mmoja. Ilikuwa mstari mmoja. Jana mkono wangu mwenyewe uliikata ili ipendeze. Sehemu ya kwanza ikabaki juu: futa kila kitu humu ndani. Sehemu ya pili ikakaa mstari wa chini, peke yake, kama mgeni aliyesahauliwa kituoni: isipokuwa asili.

Ilikwenda ya juu.

Namba zikaanza kushuka. Jasho likaanza kupanda. Nikang'oa waya wa umeme ukutani! Kompyuta yetu ikazima. Baadaye ndipo nikakumbuka kwamba mashine ya kilomita mia tatu haijali giza letu. Huko inaendelea kutii, jamani. Inanitii mimi!

Nilipowasha tena nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia mama yangu nyumbani. Dirisha jeusi likafunguka pale pale lilipoachwa, nikalitazama. Halikuwa la Bibi. Lilikuwa la Mjomba. Asubuhi nilipomaliza kuhesabu nilisahau kutoka kwake. Bibi mzima, hana habari. Mjomba ndiye mtupu, hana hata kucha. Nakala za siku tatu zimekwenda na maji.

Zimebaki saa arobaini na tano. Uhamisho unataka zaidi ya mia.

Hatua niliyochukua: nimemwambia Miwani asimguse Mjomba, anapumzika.

Jioni mama ananisubiri mlangoni. Akauliza, zimefika za baba yako? Nikasema zimefika. Asubuhi ilikuwa kweli. Akaniita ndani, akanionyesha ile picha yake ya ukutani, ya enzi za usichana wake, kasimama kwenye ngazi ya ndege. Unyevu umeila. Imebaki pochi na mkono. Akasema baba alikuwa anamwambia kila mteja asicheke, na yeye pekee alishindwa. Akasema, "Mwanangu, sura ya baba yako sina ya kukuonyesha. Lakini ukiona ninavyomtazama pale, utamjua." Anataka nimsafishie nyingine Jumamosi.

Nyingine iko kwa Bibi. Hakuna mahali pengine.

Sikula. Andikeni hilo, wajukuu. Sikula.

Ijumaa, 7 Juni

Siri haikufika hata saa tatu. Miwani kamuuliza Mjomba ana picha ngapi, Mjomba kasema sifuri. Miwani hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa ukingo wa blauzi, akaivaa tena, kana kwamba tatizo ni kioo. Kisha akaniita bwana kipaji.

Nikalaumu waya. Nikalaumu Mjomba. Nikagusia panya. Akafungua faili, akaona safu zangu za gazeti, akazipitia moja moja mpaka chini. Mwishowe akasema nimepanga vizuri sana, kama muuza nyama.

Basi nikasema yote. Fagio, dirisha, na habari ya mama na ngazi na unyevu. Nilikuwa nataka kuishia kwenye dirisha lakini mdomo uliendelea wenyewe.

Mzee Kamba akaingia katikati ya maungamo. Nikajua bakora hiyo inakuja. Akakaa. Akauliza chai iko wapi. Akapewa. Akasema kila kitu hakihitajiki, zihamishwe asili peke yake, hiyo ni robo ya mzigo. Saa ishirini na sita kama waya utatulia. Akasema angetuambia Jumatatu kama angeulizwa. Miwani hakunitazama. Alifanya makusudi kutonitazama.

Amri ya kazi hiyo ilikuwemo kwenye faili, lakini mimi nimeikata vipande kumi na moja, na hakuna aliyekuwa na hakika palipokuwa na nafasi na palipokuwa pameshikana. Mzee akafumba macho, akaanza kuitamka kwa kichwa. Mimi naandika juu, kwenye faili, mstari mmoja usiokatika. Miwani kasimama nyuma yangu na kidole kwenye skrini.

"Nafasi. Kistari, kistari. Hapo hapo, ndiyo. Siku hiyo baba yako alikuwa kasimama alipo huyu binti, njaa inamuuma, ananiambia Kamba malizia, mashine haili lakini sisi tunakula. Mkwaju, ule mstari ulioinama. Asili. Mkwaju tena, usiusahau huo, ule ndio ulitulaza njaa."

Ilichukua nusu saa. Katika amri moja kulikuwa na mvua kubwa, na Mama Studio kabla hajawa Mama, na baba akiimba vibaya makusudi ili mteja alegeze mabega. Sikujua kwamba aliimba. Nilibonyeza R kwa nguvu ili mzee asimame kidogo.

Tukaisoma kwa sauti mara mbili. Mzee kakataa itumwe kabla haijasomwa. Saa nne asubuhi Miwani akabonyeza. Mimi nimekatazwa kitufe.

Mama Studio kaambiwa. Akasema hana la kusema mpaka Jumamosi saa sita, ila nisiende mbali.

Nikataka kubaki kulinda. Miwani kanifukuza, akasema vidole vyangu vina kiu.

Jumamosi, 8 Juni

Saa tano na nusu, picha elfu thelathini zimevuka. Zimebaki elfu moja na mia nane. Mlinzi wa ukumbi kapiga simu, watu wa kuchomoa wameshafika na toroli. Nikamwomba awaulize kama wamekunywa chai. Akauliza. Wamekunywa. Nikamwomba awaambie kuna mzee mgonjwa humo ndani. Mlinzi akasema, "Kijana, humu kuna kasha tu." Nikamweleza basi, haraka haraka, kuhusu mama. Kisha nikamsikia anawaambia wale watu kwamba haingii mtu bila kusaini kitabu, na kalamu kaipoteza.

Kalamu ile ilitafutwa dakika saba. Mungu ampe mlinzi yule watoto wenye adabu.

Saa sita na dakika saba, dirisha jeusi likaandika kwamba muunganisho umekatika. Miaka kumi na tano ya Bibi, na ameaga kwa mstari mmoja.

Miwani akahesabu. Mia nne na kumi na mbili hazikufika. Zipi? Nikafungua faili mwenyewe nione mpangilio. Juu ya amri ile ya jana palikuwa na neno, si la Mzee Kamba. Miwani kaliandika nilipokuwa nimefukuzwa.

"Ijumaa. Za baba yake kwanza. Zake mwenyewe mwisho kabisa."

Zilizopotea ni zangu! Zile nilizojipiga nikijaribu taa: na kofia, bila kofia, ubavu, na miwani ya jua ya Mama Studio, nikitafakari, nikitafakari zaidi. Mia nne na kumi na mbili. Sanaa imezikwa na hakuna aliyelia. Miwani alipiga chafya, lakini nadhani alikuwa anacheka.

Nilimwambia asante. Akaniuliza nimesema nini. Nikasema sikusema kitu.

Tukafungua folda za baba. Nilidhani nitatazama moja niondoke. Bibi arusi, watoto pacha, askari kavaa kofia kubwa kuliko cheo, mzee anayeogopa kamera. Mamia. Na wote wanatazama mahali pamoja, mtu mmoja. Mwingine anamwogopa, mwingine anangoja aseme tayari, mwingine kanuna kwa sababu kakatazwa kucheka. Kisha mama, kwenye ngazi, pochi mkononi, kashindwa kabisa.

Mlinzi katuma picha kwenye simu. Bibi yuko nje juani, juu ya toroli. Kasha dogo jeusi, vumbi, na juu yake alama ya duara ya kikombe cha mtu. Nilidhani ni mkubwa. Mzee Kamba hawezi kuona vizuri, akaniomba nimweleze alivyo. Nikamwambia ni mkubwa. Akavua kofia.

Nimempelekea mama picha yake. Kaitundika, karudi nyuma hatua mbili, katazama, kisha akacheka kicheko kile kile cha kwenye picha. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ukuta, na kwa muda kidogo kilinipata mimi.

Nimekula sahani mbili.

Jumatatu, 10 Juni

Kiti kapewa Miwani. Mimi nimepewa kigoda. Kigoda ni bora kwa mgongo, kila daktari atakwambia.

Nimetafakari sana na ukweli ni huu: nisingemfuta Mjomba, nani angemuuliza Mzee Kamba? Tungehamisha mzigo mara nne bure. Kwa hesabu hiyo mimi ndiye niliyeziokoa. Nimemweleza Mama Studio. Kaniambia nikafagie ngazi ya ndege, ambayo imechorwa.

Miwani kautumia mchana mzima wa Jumapili kuunganisha faili la Mzee, kila amri kwenye mstari wake, kila neno juu yake. Kazi nzuri, sikatai. Lakini mtu mwenye cheti hana haraka. Anatuma mstari mmoja, anasoma, anangoja, anatuma mwingine, kama anayelisha kuku punje punje. Amri mia mbili na arobaini! Tutazeeka hapa.

Nimechimba tena kwenye programu ile. Kuna kitufe kingine ambacho hata Mzee Kamba hakukijua. Hakitumi mstari. Kinatuma faili zima, kutoka juu mpaka chini, kwa mbonyezo mmoja. Fikirini! Miaka kumi na tano ya kazi ya mzee yule, kila fagio, kila mvua, inateremka kwa Mjomba kwa pumzi moja, na mimi nimekaa nakunja miguu. Nikiwaonyesha hivyo, mto utarudi wenyewe.

Miwani kaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia nenda kanywe chai, dada yangu, umechoka.

Saa nne kasoro dakika mbili. Miwani na Mzee wanainuka kwenda kunywa chai.